Nanasi Isiyoliwa

Jumapili, tarehe 8 mwezi wa kumi

Mvua ya kwanza ya kweli. Si ile ya kudanganya vumbi — mvua. Nimetoka kanisani nimelowa, sijabadili hata viatu, nimeenda moja kwa moja kwa Mama Zabibu kuchukua vitunguu vyangu vya maua.

Vimelala kwenye frigo yake kiangazi kizima, chini kabisa, nyuma ya chupa za juisi ya tangawizi. Mama Zabibu ni jirani yangu tangu tujenge hapa. Anauza samaki na juisi, na frigo yake ni ya sola, haizimiki ovyo. Kila nikipita alikuwa ananiuliza kama nimemuwekea maiti mule ndani. Leo amenipa mufuko, akasema: chukua wagonjwa wako, wametosha kunywa baridi yangu ya bure.

Viwili. Vigumu, vizito, havijaoza. Mama alinipa vinne, mara ya mwisho niliyopanda kwetu mulimani, upande wa Pepa, kule ambako asubuhi unapumua na moshi unatoka. Alivifunga kwenye kitambaa chake mwenyewe cha kichwa. Nenda navyo, alisema, utajaribu. Masista walimupa yeye vya kwanza, akiwa bado binti. Tuliita nanasi ya baridi, kwa sababu ua lake linasimama kama nanasi, na taji lake la majani juu, lakini haliliwi. Yaya Florent, kaka yangu mukubwa, alikuwa amesimama mulangoni. Akasema: unavipeleka kwenye jiko. Jiko njo Kalemie, muji huu wa joto kando ya ziwa. Kwa Yaya Florent kila kilichoshuka mulima kimeharibika, na mimi wa kwanza.

Mwaka wa kwanza viwili vilioza. Niliviacha udongoni kiangazi na masika, kama muhogo. Mwaka wa pili vilivyobaki vilitoa majani, majani tu, mazuri, yenye madoadoa kwa chini. Ua, hakuna. Njo nikafikiri mwenyewe, bila kufundishwa na muntu: huyu ni wa baridi. Anataka kulala kwenye baridi kwanza ndipo aamke. Na Kalemie baridi iko wapi? Kwa Mama Zabibu, pamoja na samaki wake wa mikebuka.

Nimevipanda nyuma ya nyumba, upande wa ziwa. Jua la asubuhi linafika, la saa nane nyumba inalizuia. Udongo nimeuchanganya na muchanga ili maji yasikae. Nimejipongeza, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.


Jumanne, tarehe 17 mwezi wa kumi

Yaya Florent amepiga telefone. Huyu hapigi telefone bure.

Anahama. Watoto wake wamemuita Lubumbashi, miguu imechoka na mulima. Nyumba ya marehemu mama na shamba lake dogo vinaenda kwa muntu wa ng'ombe. Nikauliza: na maua ya mama? Akasema atayang'oa yote, vitunguu vyote, na atamupelekea Mamie, mudogo wetu, kule kule Lubumbashi. Kule kiangazi kuna baridi, yatakaa.

Nikamwambia yalete kwangu. Mimi njo mama alinipa. Akacheka. Wewe, akasema, unaishi kwenye jiko. Nikamwambia yangu yatatoa ua mwaka huu. Sijui nani aliniweka maneno yale mudomoni. Hata majani hayajatoka!

Mimi namujua, alikuwa anapima. Kisha: atapita Kalemie mwezi wa kwanza. Atashuka na bato, meli ya ziwani, kutoka Moba, halafu atachukua treni. Akikuta ua la mama limesimama udongoni kwangu, alione kwa macho yake, mufuko unabaki hapa. Asipolikuta, mufuko unapanda treni. Na foto hataki. Foto kila muntu anaokota kwenye internet.

Nimesema sawa. Sikujadili. Na neno langu halirudi nyuma.


Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja

Vimetoka! Vyote viwili. Ncha nene kama kidole gumba, nyekundu kidogo. Nimemuita Mama Zabibu aone. Ameinama, ameangalia, amesema ni vitunguu vya kawaida, nitafute nyanya nipike. Wivu ni ugonjwa.

Jambo lingine. Ruphin, mutoto wangu, amepata kazi Manono. Anataka muke wake akae kwangu mpaka apate nyumba kule. Bijou, wa Nyunzu. Nilimuona siku ya ndoa tu, chini ya veli, na hakusema kitu. Nimekubali. Ningesema nini.


Alhamisi, tarehe 23 mwezi wa kumi na moja

Bijou yuko hapa tangu Jumatatu. Anaamka kabla yangu. Anafagia parsele, uwanja wote wa nyumba, mpaka udongo unaomba huruma. Anaosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Anapiga magoti akinisalimia, na ananiita Mama Ruphin, kama naye ananiuzia mboga za lengalenga sokoni. Mimi namuita Bijou. Kila muntu amebaki kwenye kiti chake.

Akiwa mutoto walikimbia vita Nyunzu, na waliporudi walikuta hata milango ya nyumba imeondolewa. Amenihadithia akitwanga sombe, majani ya muhogo, bila kuinua macho. Mufuko wake wa nguo hajaufungua. Uko chini ya kitanda na kamba yake. Anachomoa nguo moja, anarudisha nguo moja, anafunga tena. Muntu asiyefungua mufuko hajafika. Nimemwambia Mama Zabibu: huyu hatakaa. Kabla ya Pasaka atakuwa amerudi kwao.

Alisimama mbele ya maua yangu, akauliza hii njo nini. Nikamwambia ni mambo ya kwetu, usiguse, usimwagie maji. Basi. Ningeanza wapi? Kwa mama? Kwa frigo ya samaki? Maneno mengine muntu anajiwekea mwenyewe.


Jumatano, tarehe 29 mwezi wa kumi na moja

Majani yamefika magotini. Hakuna kingine.


Jumapili, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili

Katikati ya majani ya kile kikubwa kuna kitu.

Nimelala kifudifudi kwenye udongo na gauni la kanisani, mimi, muntu mwenye heshima zangu. Kuna kitu kweli. Kichwa kidogo cha kijani, kimejikunja kama ngumi, na juu yake nywele. Taji linatoka kabla ya ua lenyewe. Mama alikuwa anasema hili linavaa kofia kabla ya kuvaa nguo.

Bijou amenikuta vile vile chini. Alidhani nimeanguka. Amekuja mbio, amenishika mabega, analia. Nikamwambia niache, naangalia. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jua la saa nane limeanza kupenya pale pembeni ya nyumba. Nimemwambia Bijou kila siku aanike mukeka kwenye kamba, kivuli kifike kwenye majani. Hakuuliza kwa nini. Ameanika.


Jumatatu, tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili

Noeli. Na zawadi yangu imefika kwa miguu yake.

Mustari wa chini umefunguka. Vinyota vya kijani cheupe, na pembeni pa kila kimoja uzi wa zambarau. Mimi ni mushonaji, nimepinda pindo za nusu ya muji huu, na pindo safi namna ile sijapata kupinda.

Watu walipita kutoka misa. Wamama wa korali walipanga mustari. Mmoja anauliza italiwa lini. Mwingine anasema hiyo ni nanasi iliyorogwa. Nilisimama pembeni mikono kiunoni, nikaeleza: hii ni ya baridi, ni ya mulimani, haikupaswa kuwa hapa, na iko hapa. Nimeeleza mpaka sauti imekauka. Hata Mama Zabibu, aliyekuja na chupa mbili za juisi kunitakia sikukuu, amekubali mbele ya watu kwamba frigo yake imezaa. Mama, kama unaniona! Mutoto wako wa kwenye jiko.

Bijou alikuwa jikoni anapikia wageni wote wale, hakutoka hata kidogo. Nimekumbuka jioni tu. Alikula amesimama.


Jumapili, tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili

Mvua kubwa imetukuta kanisani, ya upepo, ya kutoka ziwani. Sikusikia mahubiri. Niliona ndani ya kichwa changu maji yamesimama pale nyuma na kitunguu kinaoza kama vile vya kwanza. Padri anatutakia mwaka mupya, na mimi natafuta mulango.

Nimefika, nimekuta mufereji. Umechimbwa kuanzia chini ya paa, unazunguka maua yangu mbali kidogo, unatoka mpaka barabarani. Maji yanapita yanaimba. Bijou amelowa mpaka mifupani, jembe mukononi. Amesema: ulisema nisiyaguse, sikuyagusa, nimegusa maji tu.

Nimemwambia mufereji umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Lakini ningeweza kuanza na neno lingine.


Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa kwanza

Linanuka. Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Ukisogeza pua, linanuka kama nyama iliyosahauliwa, na nzi wameanza kuja. Mama Zabibu ameisikia harufu. Amesema mikebuka ya frigo yake imelipa kisasi, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamwambia hata la mama lilinuka hivi. Ndiyo maana alilipanda mbali na dirisha. Harufu hii njo cheti chake cha kuzaliwa. Mama Zabibu akafuta machozi: mwenzangu, wewe hata aibu unaivalisha kilemba.

Ni kweli najivuna. Mama alinichapa kwa ajili ya majivuno nikiwa mutoto, na hayakutoka. Bahati yangu. Nilipoolewa Zongwe, kijiji cha wavuvi, sikujua hata kuparua samaki. Mama mukwe aliniangalia mikono, kila siku, bila neno, kama muntu anayengoja sufuria ianguke. Wakaniita wa ng'ombe. Kama si majivuno ningepanda mulima nirudi kwetu, na Yaya Florent angenifungulia mulango huku anatabasamu. Nilibaki. Marehemu mume wangu mpaka anakufa alisema hakuna anayebanika samaki wa kuhe kama mimi.


Jumamosi, tarehe 13 mwezi wa kwanza

Yaya Florent amepiga. Bato linatoka Moba Alhamisi, Ijumaa atakuwa hapa. Mufuko anao. Ameving'oa vyote, ng'ombe wamekwisha kuingia kwenye shamba la mama. Aliposema hivyo sauti yake ilipungua, halafu akakohoa.

Vinyota vya chini vimefunga na macho yanavimba, kama nanasi kweli. Vya juu bado viko wazi. Vitangoja Ijumaa? Nimeviomba vingoje. Naongea na mumea, na sioni haya.


Alhamisi, tarehe 18 mwezi wa kwanza

Nyumba imepigwa maji. Mashuka mapya. Nimemwambia Bijou: kesho anakuja kaka yangu mukubwa, muntu wa kutafuta makosa. Kila kitu kiwe tayari. Samaki, sombe, wali, na matunda ya kumupa baada ya chakula. Ameitikia kwa kichwa. Aliuliza kama Papa, yaani kaka yangu, anapenda nanasi. Nikamwambia anapenda sana, kule kwetu hayaoti, na nikaenda kupiga pasi kitenge changu.

Ua limesimama. Vinyota vya juu viko wazi, nimeviangalia kabla jua halijazama. Kesho.


Ijumaa, tarehe 19 mwezi wa kwanza, asubuhi

Ua halipo.

Nimetoka kunawa uso na halipo. Majani yapo. Shina limekatwa kwa kisu, chini kabisa, safi. Na pembeni, hatua mbili, udongo umelimwa laini, na katikati ya udongo ule taji la ua langu. Limepandwa. Limesimama wima, limezungushiwa vijiwe, limemwagiwa maji.

Sikupiga kelele. Nimekaa chini palepale. Kisha nikaingia jikoni.

Mwili wa ua ulikuwa juu ya meza, kwenye sahani nzuri ya wageni, kisu pembeni. Bijou alikuwa amesimama mbele yake. Akasema: Mama Ruphin, nilitaka kuimenya, ndani hakuna nyama.

Nikamuuliza nani amekutuma. Sauti yangu mwenyewe sikuijua. Akapiga magoti, na maneno yakatoka vipande vipande. Jana nilimwambia matunda. Nikamwambia Papa anapenda nanasi. Yeye ameona nzi juu yake, akajua imeiva. Asubuhi bado giza kidogo, ana haraka, samaki wako motoni. Alijua nilimukataza kugusa, lakini alidhani nilikuwa namutunzia mugeni huyu, na mugeni amefika. Majani aliyaona hayana miiba, akafikiri labda nanasi za huku ziwani njo ziko vile.

Na taji? Nikamuuliza, taji ulipandia nini?

Akasema mama yake alimuagiza: katika nyumba utakayoolewa, nanasi ya kwanza utakayowakatia wageni, taji lake ulipande wewe mwenyewe. Nanasi inachelewa. Unapanda leo, unakula mwaka wa kesho kutwa. Mwanamuke anayepanda nanasi anawaambia watu wa nyumba ile kwamba atakuwapo.

Nimetoka nje.


Ijumaa hiyo hiyo, karibu na saa sita

Bato limechelewa. Mungu anisamehe, nimefurahi.

Mama Zabibu amekuja, ameangalia shina, hakucheka. Nilijua ni msiba nilipoona hacheki. Akasema: sema mbuzi. Mbuzi hatabisha. Au sema ukweli, ni mukamwana wako, muke wa Ruphin, amekata, wewe kosa lako liko wapi?

Nimeyapima yote mawili. Mbuzi, Yaya Florent atasema hata uzio siwezi kujenga. Mukamwana, basi atamwangalia Bijou mikono. Najua jicho lile. Lilinikaa Zongwe mwaka muzima. Na Bijou atafunga kamba ya mufuko wake, ambao hata hivyo haujafunguliwa.

Halafu nimeingia chumbani kwake kuchukua kitambaa cha meza, na nimeinama kuangalia chini ya kitanda. Mufuko haupo. Nguo zake zimetundikwa kwenye misumari ukutani, zote, kwa mustari. Na mufuko wenyewe umepasuliwa, umeshonwa mara mbili, umewekwa mulangoni wa kufutia miguu. Umekwisha kuchakaa. Sijui tangu lini. Mimi ninayejisifu kwamba naona kila kitu, nimeufutia miguu nikiingia.

Nimerudi jikoni. Nimemwambia: inuka, nawa uso, samaki wanaungua. Nimemupa kile kitenge changu nilichopiga pasi jana. Anauliza nitavaa nini mimi. Nimemwambia hiyo si kazi yako.


Ijumaa, jioni haijafika bado

Amekuja. Amezeeka. Nimeshtuka, sikuonyesha.

Mufuko ameubeba mwenyewe kutoka bandarini, hakumupa mubebaji. Ni gunia la unga, limefungwa kamba, na linanuka udongo wa kwetu, ule mweusi, wa baridi. Nusura nilie kwa ajili ya gunia. Hakutaka maji, hakutaka kiti. Akauliza: liko wapi?

Nimemupeleka nyuma. Nilikuwa sijui nitasema nini, na tayari nilikuwa nasema. Nikamwambia: lilisimama hapa tangu Noeli. Leo asubuhi mukamwana wangu amelikata akitaka wewe ule nanasi. Hakujua, kwa sababu sikumwambia. Watu wote wa korali niliwaeleza, yeye aliyelichimbia mufereji sikumweleza. Lakini jiulize, Yaya. Muntu wa Nyunzu, amekua kati ya mananasi, na amedanganyika. Lilikuwa nene namna hiyo. Lilinona namna hiyo. Kwenye jiko.

Ameinama, magoti yanamulia, ameshika shina lililobaki. Akasema aletewe lililokatwa. Bijou amelileta kwenye sahani ile ile, vinyota vya juu bado viko wazi. Yaya Florent amelisimamisha juu ya shina lake, amelipima na mukono, kiwiko chini. Limepita vidole. Akalinusa. Akafumba macho, na hakuyafumbua upesi.

La mama, akasema, halikufika urefu huu.

Nilisimama mikono kiunoni. Nilikuwa muzito kwa furaha, nilidhani nitazama kwenye udongo. Miaka yote hii, na neno lile limetoka kwenye mudomo ule!

Halafu akaweka ua chini. Lakini tulisema lisimame udongoni, akasema. Hili liko kwenye sahani.

Huyo njo Yaya Florent. Alizaliwa na rula.

Bijou hajawahi kusema mbele ya wakubwa bila kuulizwa. Leo amesema. Papa, kuna hilo pale limesimama. Akaonyesha taji lake ndani ya vijiwe. Yaya Florent akamwambia hilo si nanasi, binti, hilo halijui kuota hivyo, litakauka. Bijou akasema labda, yeye amelipanda, atalingoja, hata likichelewa kama nanasi. Yaya Florent akamuuliza: na wewe utakuwa bado uko hapa?

Sikumuacha ajibu. Nimejibu mimi. Huyu mwanangu yuko kwake, nikasema, aende wapi?

Wote wawili wamenigeukia. Hata mimi ningejigeukia kama ingewezekana. Nikasema naenda kutafuta kitenge, nikaingia chumbani, njo naandika hapa nimesimama, karatasi juu ya cherehani. Vitenge viko mbele yangu. Dirisha liko wazi upande wa ziwa na sitachungulia. Nilipowaacha gunia lilikuwa katikati yao, na kamba yake bado imefungwa.

Nasikia jembe. Linachimba, linasimama. Anaweza kuwa anaking'oa kitunguu changu apande nacho treni, kwake sheria ni sheria. Jembe tena.

Sasa Bijou anasema, si sauti ya kupiga magoti, ni ile ya muntu mwenye parsele: hapana, Papa, usivipande hapo. Hapo jua la saa nane linapita. Mama hapendi.